Elementi Haba katika Viumbe Hai: Ulazima, Kiasi na Mahali

Ikisiri

Viumbe hai huhitaji elementi chache za kikemia kwa kiasi kikubwa, na nyingine kwa kiasi kidogo mno. Makala haya yanajadili kundi hili la pili, ambalo hapa linaitwa elementi haba, kwa kuuliza swali moja: tunaposema kwamba elementi fulani ni ya lazima kwa uhai, tunasema nini hasa? Mifano minne inachambuliwa: kobalti katika mifugo, iodini katika Nyanda za Juu Kusini na visiwa vya Zanzibar, chuma katika kisiwa cha Pemba, na floraidi katika maeneo ya Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania. Hoja kuu ni kwamba ulazima ni uhusiano kati ya elementi, kiumbe kinachoihitaji, kiasi kinachopatikana na mazingira ya mahali. Mpango wa afya unaozingatia elementi peke yake na kuyaacha hayo mengine unaweza kuwadhuru watu uliokusudia kuwasaidia.

1.0 Utangulizi

Mwili wa binadamu ukipimwa kwa uzito wa elementi zake, elementi nne huchukua takribani asilimia 96: oksijeni asilimia 65, kaboni 18, hidrojeni 10 na naitrojeni 3. Kalsiamu na fosforasi, zilizomo zaidi katika mifupa na meno, pamoja na potasiamu, salfa, sodiamu, klorini na magnesiamu, huchukua karibu sehemu yote iliyobaki. Baada ya hapo hesabu hushuka ghafla. Chuma chote kilichomo katika mwili wa mtu mzima ni gramu 4 hivi; zinki ni gramu 2 hivi; iodini ni miligramu 15 hadi 20 tu, na sehemu kubwa yake imo katika tezi moja ya shingoni.

Uchache huo haupimi umuhimu wa elementi hizo. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku. Tukizidisha kiasi hicho kwa siku 365 na kwa miaka 70, tunapata gramu 3.8. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa mahitaji ya maisha mazima hayajazi hata kijiko cha chai. Hata hivyo, mama mjamzito anapoyakosa, mtoto anaweza kuzaliwa na ubongo ulioathirika kwa namna isiyoweza kurekebishwa baadaye.

Maandishi mengi ya kufundishia huziorodhesha elementi hizi pamoja na faida zake: chuma huongeza damu, kalsiamu huimarisha mifupa, zinki hukuza kinga. Orodha ya namna hiyo ina manufaa darasani, lakini huacha nje mambo matatu ambayo mtafiti hawezi kuyaepuka. Kwanza, haielezi ni kwa ushahidi gani elementi fulani ilithibitika kuwa ya lazima. Pili, haielezi mpaka kati ya upungufu, utoshelevu na ziada. Tatu, haielezi kwa nini elementi ileile, kwa kipimo kilekile, inaweza kuokoa watu wa mahali pamoja na kuwadhuru wa mahali pengine. Makala haya yanayashughulikia mambo hayo matatu kwa mpangilio huo.

2.0 Istilahi

Neno *madini* katika Kiswahili hubeba maana zaidi ya moja. Mchimbaji hulitumia kwa dhahabu, tanzanaiti au mawe yenye shaba. Mwanajiolojia hulitumia kwa kampaundi asilia zenye muundo wa fuwele. Mtaalamu wa lishe hulitumia kwa chuma, zinki au kalsiamu iliyomo katika chakula. Makala haya yanatumia neno *elementi* kwa maana ya kikemia, yaani maada ambayo atomi zake zote zina idadi moja ya protoni, na kuliacha neno *madini* kwa matumizi yaliyokwisha kuzoeleka. Miongoni mwa matumizi hayo ni *madini joto*, jina ambalo nchini Tanzania limekuwa la kawaida kwa iodini inayoongezwa katika chumvi. Jina hilo linafahamika na wengi na linafaa kwa uhamasishaji, ingawa halidokezi lolote kuhusu kemia ya elementi yenyewe.

*Elementi kuu* ni zile ambazo mtu mzima huzihitaji kwa zaidi ya miligramu 100 kwa siku. *Elementi haba* ni zile zinazohitajika chini ya kiwango hicho, nazo ni pamoja na chuma, zinki, shaba, manganisi, seleniamu, molibdenamu, kobalti na iodini.

Tofauti nyingine inahusu elementi na umbo lake. Chuma cha msumari na chuma cha himoglobini ni elementi moja, lakini utumbo hauvishughulikii kwa namna moja. Vilevile, kobalti iliyomo katika chumvi ya kawaida ya kobalti haimsaidii binadamu kwa namna ambavyo kobalti iliyomo ndani ya vitamini B12 humsaidia. Kwa sababu hiyo, kipimo cha maabara kinachoonyesha jumla ya elementi katika chakula hakitoshi kuonyesha kiasi kitakachoufaa mwili.

3.0 Ushahidi wa ulazima

3.1 Kuwepo si kuhitajika

Mwili hupokea chochote kinachoingia kwa chakula, maji na hewa. Uchambuzi wa kutosha utaonyesha risasi, aluminiamu na hata zebaki katika tishu za watu wasio na ugonjwa wowote. Kupatikana kwa elementi mwilini, kwa hiyo, hakuthibitishi kwamba mwili unaihitaji.

Mwaka 1939, Daniel Arnon na Perry Stout, waliokuwa wakichunguza mimea huko California, walipendekeza vigezo vitatu vya kuamulia suala hili. Elementi ni ya lazima iwapo mmea hauwezi kukamilisha mzunguko wa maisha yake bila hiyo. Iwapo upungufu wake hauwezi kuondolewa kwa elementi nyingine yoyote. Na iwapo inahusika moja kwa moja katika umetaboli wa mmea. Vigezo hivyo vimejadiliwa na kurekebishwa tangu wakati huo, lakini mantiki yake bado ndiyo msingi wa kazi hii. Kigezo cha pili ndicho kigumu zaidi kutimizwa, kwa kuwa dawa inayoponya inaweza kuwa na kitu kingine ambacho mtafiti hakukikusudia. Historia ya kobalti inaonyesha hatari hiyo kwa uwazi.

3.2 Mfano wa kobalti

Mwanzoni mwa karne ya 20, wafugaji wa sehemu mbalimbali za dunia walikabiliwa na ugonjwa wa ajabu. Ng'ombe na kondoo walikonda na kufa kwa udhoofu huku malisho yakiwa tele mbele yao. Ugonjwa huo ulionekana New Zealand na Australia, na katika Bonde la Ufa nchini Kenya ulipewa jina lililotokana na mji wa Nakuru. Mnyama akihamishiwa malisho mengine alipona. Akirudishwa, aliugua tena. Ilikuwa wazi kwamba chanzo kilikuwa katika ardhi.

Kwa kuwa wanyama hao walikuwa na upungufu wa damu, dhana ya kwanza ilikuwa kwamba walikosa chuma. Walipopewa limonaiti, ambayo ni mawe yenye chuma kingi, wengi walipona. Dhana ikaonekana kuthibitika. Huko Australia Magharibi, Eric Underwood na John Filmer waliona mambo mawili yasiyolingana nayo. Kiasi cha limonaiti kilichohitajika kuponya hakikulingana na kiasi cha chuma kilichomo ndani yake, na maini ya wanyama wagonjwa yalikuwa na chuma kingi badala ya kidogo. Wakaiondoa chuma katika limonaiti na kuwapa wanyama kilichobaki. Wanyama wakapona. Mwaka 1935 walionyesha kwamba mponyaji alikuwa kobalti, iliyokuwamo katika limonaiti kwa kiasi kidogo sana. Katika kipindi hichohicho watafiti wa Australia Kusini walifikia matokeo yanayofanana na hayo kwa kondoo wa pwani.

Sababu ilieleweka zaidi baada ya vitamini B12 kutengwa mwaka 1948, na baada ya Dorothy Hodgkin kuufumbua muundo wake kwa miale ya eksirei katika miaka ya 1950. Katikati ya kila molekuli ya vitamini hiyo imo atomi moja ya kobalti. Bakteria wanaoishi katika tumbo la kwanza la ng'ombe huichukua kobalti ya nyasi na kuitumia kutengenezea vitamini hiyo, naye mnyama huifyonza. Binadamu hana uwezo huo. Yeye huipata ikiwa imekwisha kutengenezwa, hasa katika nyama, maziwa, mayai na samaki. Kwa hiyo kauli kwamba kobalti ni ya lazima ni kweli kwa ng'ombe na kwa binadamu, lakini kwa namna mbili tofauti.

3.3 Mmea na mnyama

Orodha ya elementi za lazima hutofautiana kati ya makundi ya viumbe. Boroni ni ya lazima kwa mimea, jambo lililoonyeshwa na Katherine Warington mwaka 1923 kwa kutumia maharage. Kwa binadamu, ulazima wake haujathibitishwa. Kinyume chake, iodini na seleniamu ni za lazima kwa binadamu, ilhali mazao tunayoyala kwa kawaida hustawi bila kuzihitaji.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa kilimo na lishe. Shamba linalokosa naitrojeni humwonyesha mkulima upungufu wake kwa majani yaliyogeuka manjano. Shamba linalokosa iodini halionyeshi chochote. Mahindi huota, huchanua na kukomaa, gunia hujaa, uzito hautofautiani na wa mwaka uliotangulia. Upungufu hujitokeza kwa mlaji tu, tena baada ya muda mrefu. Mavuno mazuri, kwa hiyo, hayawezi kutumiwa kuwa kielelezo cha lishe nzuri bila kipimo kingine.

4.0 Kwa nini kiasi kidogo hutosha

Elementi haba nyingi hufanya kazi ndani ya vimeng'enya. Kimeng'enya huharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kutumika, na molekuli moja inaweza kuirudia kazi yake maelfu ya mara kwa sekunde. Zinki imo katika mamia ya vimeng'enya na protini za binadamu, ikiwa ni pamoja na kile kinachosaidia damu kubeba kabonidioksidi. Chuma, shaba, manganisi na molibdenamu hufaa hasa kwa menyuko zinazohamisha elektroni, kwa kuwa atomi zake huweza kutoa na kupokea elektroni bila shida.

Iodini hufanya kazi kwa njia tofauti. Inajulikana kwa kuwa sehemu ya muundo wa homoni za tezi ya thairoidi: thairoksini, yenye atomi nne za iodini, na homoni yenye atomi tatu ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi. Badiliko kutoka nne kwenda tatu hufanywa na vimeng'enya vyenye seleniamu. Mtu anaweza kuwa na iodini ya kutosha na bado asiitumie ipasavyo kwa kukosa seleniamu. Elementi haba zinategemeana, na utafiti unaozipima mojamoja unaweza kukosa kuliona tegemeo hilo.

Mwaka 1912 Gabriel Bertrand alieleza kanuni ya jumla kwa kutumia manganisi. Kiasi cha elementi ya lazima kinapoongezeka kutoka sifuri, hali ya kiumbe huimarika hadi kufikia kiwango cha utoshelevu. Kiasi kikizidi hapo, hali huanza kudhoofika, na hatimaye kiumbe hufa kwa sumu ya kitu kilekile ambacho bila hicho kisingeishi. Upana wa eneo la utoshelevu hutofautiana. Kwa seleniamu ni mwembamba mno: katika miaka ya 1930 elementi hii ilitambuliwa kuwa sumu kwa mifugo ya Dakota Kusini nchini Marekani, na mwaka 1957 Klaus Schwarz na Calvin Foltz wakaonyesha kwamba panya wanaoikosa huharibika ini.

5.0 Iodini: kutoka milimani hadi visiwani

Iodini nyingi ya dunia imo baharini. Sehemu yake hupanda angani na kurudi ardhini kwa mvua, lakini kwa kiasi kidogo. Katika maeneo ya milima yenye mvua nyingi na udongo unaosombwa, iodini huondoka kwa kasi kuliko inavyorudishwa. Chakula kinacholimwa hapo hukosa iodini, na anayekitegemea hukosa pia.

Nchini Tanzania hali hii ilidhihirika katika Nyanda za Juu Kusini. Uchunguzi uliofanywa Ukinga katika miaka ya 1960 ulikuta rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, kwa zaidi ya nusu ya watu waliochunguzwa. Rovu ndiyo dalili inayoonekana, lakini si madhara makubwa zaidi. Upungufu mkali wakati wa ujauzito husababisha mimba kuharibika, vifo vya watoto wachanga, uziwi na udumavu wa akili. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilishiriki kuendesha mpango wa kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi. Katika miaka ya 1990 mkazo ulihamia kwenye chumvi, na uongezaji wa iodini ukafanywa kuwa sharti la kisheria kwa chumvi ya kula.

Mantiki ya kutumia chumvi ni nyepesi. Karibu kila kaya huinunua, na kila mtu huila kwa kiasi kisichobadilika sana. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo humpa mlaji wa gramu 5 kwa siku mikrogramu 150 kamili. Iodini huongezwa kwa umbo la iodeti ya potasiamu, ambayo katika joto na unyevu wa nchi zetu hudumu kuliko iodaidi.

Watu wa pwani walidhaniwa kuwa salama. Hata hivyo, uchunguzi wa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba Zanzibar nayo ilikuwa na tatizo, na kwamba Pemba ilikuwa na hali mbaya kuliko Unguja. Kiwango cha kati cha iodini katika mkojo wa watoto wa shule wa Pemba kilikuwa chini ya mikrogramu 100 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukitumia kutenganisha utoshelevu na upungufu. Unguja ilikuwa juu yake. Tofauti iliendana na chumvi: kaya za Pemba zilitumia kwa wingi chumvi ya wazalishaji wadogo wa kisiwani humo, ambayo haikuwa imeongezwa iodini.

Swali linalojitokeza ni hili: chumvi ya bahari, iliyokaushwa kwa jua ufukweni, itakosaje iodini? Jibu limo katika hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za aina zote na mikrogramu 50 hadi 60 za iodini. Hata kama iodini yote ingebaki katika chumvi wakati wa kukausha, gramu 5 zingekuwa na mikrogramu 8 hivi, yaani chini ya asilimia 6 ya mahitaji ya siku. Kwa kweli, sehemu kubwa hata ya hiyo kidogo hupotea. Bahari ina iodini nyingi kwa sababu ni kubwa, na siyo kwa sababu kila tone lake limejaa iodini. Wanaoikusanya iodini hiyo ni viumbe vya bahari. Mwani, ambao umelimwa kibiashara Zanzibar tangu mwaka 1989, ni miongoni mwao, ingawa kiwango hutofautiana sana kati ya spishi. Lakini sehemu kubwa ya mwani huo husafirishwa nje kwa ajili ya viwanda na haifiki mezani.

Mambo mengine mawili yanakamilisha picha hii. Katika kisiwa cha Idjwi, kilichomo katika Ziwa Kivu nchini Kongo, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta kwamba rovu ilikuwa nyingi zaidi upande wa kaskazini kuliko kusini-magharibi, ingawa pande zote mbili zilipata iodini kidogo. Uchunguzi uliofuata ulielekeza kwenye muhogo usioandaliwa vizuri. Sianidi inayotokana na muhogo hugeuzwa mwilini kuwa thiosianeti, ambayo hushindana na iodini katika kuingia kwenye tezi. Upungufu, kwa hiyo, ulikuwa sharti la ugonjwa bila kuwa maelezo yake yote. Jambo la pili ni kwamba chumvi yenye iodini ilipoingia Kivu katika miaka ya 1990, baadhi ya watu wazima waliokuwa na rovu za siku nyingi walipata ugonjwa wa kuzidi kwa homoni. Tezi zilizozoea uhaba zilipokea kiasi ambacho kwa mtu mwingine kingekuwa cha kawaida. Tukio hilo halibatilishi mpango wa chumvi, kwa kuwa manufaa yake kwa watoto watakaozaliwa ni makubwa zaidi. Linadai ufuatiliaji wa viwango wakati mpango unapoanza.

Ni vyema pia kuwa waangalifu katika kupima manufaa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa kiuchumi uliohusisha vidonge vya iodini vilivyogawiwa Tanzania na ongezeko la miaka ya masomo kwa watoto waliokuwa tumboni wakati huo, hasa wasichana. Watafiti wengine waliporudia uchambuzi huo baadaye, hawakuipata athari hiyo kwa uthabiti uleule. Mjadala huo hauhusu iwapo iodini ni ya lazima kwa ubongo. Hilo limethibitishwa kwa njia nyingine. Unahusu ukubwa wa athari inayoweza kuonekana katika takwimu za shule, na mtahini ana haki ya kumtaka mwandishi wa tasnifu azitenganishe kauli hizo mbili.

6.0 Chuma: jaribio la Pemba

Iwapo iodini inaonyesha jinsi upungufu unavyoweza kujificha, chuma kinaonyesha jinsi tiba ya upungufu inavyoweza kudhuru. Theluthi mbili hivi za chuma cha mwili zimo katika himoglobini, ambayo kila molekuli yake hubeba atomi nne. Upungufu wa chuma husababisha upungufu wa damu, uchovu na kudorora kwa ukuaji wa akili kwa watoto. Katika jamii zinazotegemea nafaka na maharage, chuma hufungwa na asidi ya fitiki iliyomo katika vyakula hivyo, na chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza zaidi ufyonzwaji wake. Kwa sababu hizo, kuwapa watoto wote wadogo nyongeza ya chuma kulionekana kuwa jambo lisilohitaji mjadala.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jambo hilo lilijaribiwa Pemba, mahali ambapo wakati huo malaria ilisambaa kwa kiwango kikubwa mwaka mzima. Zaidi ya watoto 24,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi 35 waligawanywa kwa bahati nasibu kupata chuma na asidi ya foliki, zinki, vyote pamoja, au kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2003 makundi yaliyopata chuma yalisitishwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la *The Lancet*, yalionyesha kwamba watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mkali. Jaribio la namna hiyo lililofanyika Nepal, katika eneo lisilo na malaria ya kiwango hicho, halikuonyesha madhara hayo.

Maelezo yanayokubalika yanatokana na namna mwili unavyokilinda chuma. Binadamu hana njia mahususi ya kukitoa mwilini chuma kilichozidi. Hudhibiti kinachoingia tu. Udhibiti huo hufanywa na homoni ya ini iitwayo hepsidini. Wakati wa maambukizi hepsidini hupanda, ufyonzwaji hupungua, na chuma kilichomo katika damu hufichwa ndani ya seli. Vijidudu vingi, ikiwa ni pamoja na vimelea vya malaria, huhitaji chuma ili kuzaliana, na mwili huwanyima. Chuma cha dawa kinachoingia kwa wingi kwa mkupuo mmoja kinaweza kuivuruga kinga hiyo.

Sehemu moja ya matokeo ya Pemba haitajwi mara nyingi. Katika kundi dogo la watoto waliopimwa damu mwanzoni na kupata uchunguzi na matibabu ya karibu, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika na nyongeza hiyo. Madhara yalionekana pale ambapo chuma kilitolewa kwa wote, bila kipimo na bila tiba ya malaria iliyo karibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulibadilishwa kufuatana na hilo: katika maeneo ya malaria, nyongeza ya chuma kwa watoto itolewe sambamba na hatua za kuzuia, kutambua na kutibu malaria.

7.0 Floraidi: ziada bila ulazima

Floraidi inafaa kuwekwa mwishoni kwa sababu inaujaribu mpaka wa dhana yenyewe. Kwa kiasi kidogo huimarisha meno dhidi ya kuoza. Hata hivyo, hakuna ugonjwa wa upungufu wa floraidi uliothibitishwa kwa binadamu, na wataalamu wengi hawaihesabu miongoni mwa elementi za lazima. Ina manufaa bila kuwa na ulazima.

Kaskazini mwa Tanzania tatizo ni ziada. Miamba ya volkano inayozunguka Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro ina floraidi nyingi, na maji ya chini ya ardhi yanayopita humo huwa na sodiamu kwa wingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwapo ya kutosha, ingeungana na floraidi na kuifanya itulie chini. Kwa kuwa ni chache, floraidi hubaki katika maji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Katika miaka ya 1970 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, kwa sababu vyanzo mbadala vilikuwa vichache, na baadaye kiwango hicho kilishushwa. Matokeo yanaonekana katika meno yenye madoa ya kahawia ya watu waliokulia humo na, kwa walioathirika zaidi, katika mifupa iliyokakamaa au kupinda. Magadi yanayotumiwa kulainishia maharage na makande huweza kuongeza mzigo huo, kwa kuwa baadhi yake yana floraidi nyingi.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimeshughulikia uondoaji wa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa chengachenga na kuwekwa katika chujio. Madini ya mfupa hunasa floraidi inayopita. Kikemia, mkaa huo hufanya ndani ya ndoo kazi ileile ambayo mfupa hai ungeifanya ndani ya mwili wa mtoto anayekunywa maji hayo. Suluhisho limetokana na kuuelewa ugonjwa wenyewe.

8.0 Hitimisho

Mifano minne iliyochambuliwa inafikisha kwenye hoja moja. Kobalti ilithibitika kuwa ya lazima pale tu watafiti walipokataa kuridhika na dawa iliyoponya kwa sababu wasiyoijua. Iodini ilikosekana katikati ya bahari kwa sababu ukaribu na chanzo si sawa na kukipata. Chuma, chenye ulazima usiopingika, kiliwadhuru watoto kilipotolewa bila kuzingatia ugonjwa wa mahali pale. Floraidi inaweza kuathiri mifupa ya vijiji vizima bila hata kuwa na nafasi ya hakika katika orodha ya elementi za lazima.

Kutokana na hayo, makala haya yanapendekeza kwamba tasnifu inayohusu elementi haba ijibu maswali manne kabla ya kutoa mapendekezo: elementi hii ni ya lazima kwa kiumbe kipi, na kwa ushahidi gani, inapatikana kwa umbo lipi na kwa kiasi gani kinachofyonzwa, ni elementi, vyakula au magonjwa gani ya mahali hapo yanayobadilisha matumizi yake, na nani atakayedhurika iwapo kiasi kitaongezwa kwa wote. Tasnifu isiyojibu swali la mwisho haijawa tayari kupendekeza mpango wa kitaifa, hata kama vipimo vyake vya maabara ni sahihi hadi mikrogramu ya mwisho.